Mwenda Jean Bosco: Gitaa la Katanga Lililovuka Mipaka

Mto Mubuku huteremka kutoka kwenye theluji ya Rwenzori, hupita chini ya barabara kuu itokayo Fort Portal, kisha huenda zake hadi Ziwa George. Askari aliyewahi kupangiwa kazi sehemu hizo aijua barabara hiyo vizuri. Yapita Kasese, yakata mbuga penye njia panda ya Kikorongo, yafika Bwera, na mwisho wake ni mpaka wa Mpondwe, ambapo mto Lhubiriha hutenga Uganda na Kongo. Ng'ambo ya pili ni Kasindi. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu wa asili moja, nao wakikutana na wageni sokoni, kituoni au ndani ya gari, lugha inayowaokoa wote ni Kiswahili.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, raia wengi wa Uganda walikijua Kiswahili kwa upande mmoja tu. Walikisikia kizuizini, usiku, kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na mateso ya zama zile yakaipaka lugha hiyo rangi ya hofu ambayo haijafutika kabisa katika nyoyo za wazee. Mwaka 2005 Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima mashuleni. Hatua hizo ni njema. Lakini sheria, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuuamuru moyo wa mama mzee asishtuke anaposikia amri ya Kiswahili mlangoni pake.

Kwa sababu hiyo yafaa kila askari jeshi na kila polisi amfahamu mtu mmoja wa ng'ambo ile, ambaye katika lugha hiyohiyo hakumwamuru mtu jambo lolote, bali alikaa kitako, akaweka gitaa pajani, akaimba. Watu wa Afrika Mashariki na Kati walimsikiliza kwa hiari yao, na wageni wakatoka nchi za mbali kuja kujifunza kwake. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco, ambaye baadaye alijulikana pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke.

Nchi ya Shaba

Wakazi wa Kasese hawahitaji kuelezwa maana ya mji wa mgodi. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ule ulikusanya watu wa makabila mengi waliolala kambi moja na kuamshwa na king'ora kimoja. Mtu aliyeiona Kilembe ya zama zile na aikuze mara nyingi katika mawazo yake. Hapo ataiona Katanga.

Katanga ni nchi ya kusini kabisa mwa Kongo, inayopakana na Zambia. Kampuni kubwa ya madini iliyoitwa Union Minière iliundwa mwaka 1906, na reli kutoka kusini ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Watu waliletwa kazini kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Angola, Rwanda na Burundi. Kila mmoja alikuja na lugha yake, ngoma yake na mapishi yake. Msimamizi na mfanyakazi walipotafuta lugha moja ya kuelewana, walishika Kiswahili, ambacho kilikuwa kimetangulia kufika kwa miguu ya wapagazi wa misafara. Ni Kiswahili chenye ladha yake, kwani wenyeji husema batu mahali ambapo sisi twasema watu. Lakini ni Kiswahili, nacho kilizama katika nchi ile hata jimbo lote likaitwa Shaba toka mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwaka 1997, kwa neno ambalo kila mtoto wa Kilembe analielewa.

Katika nchi hiyo, mwaka 1930, alizaliwa Mwenda. Kabila lake ni Wayeke, na habari za Wayeke zinagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwasisi wao, Msiri, alikuwa Mnyamwezi aliyetoka sehemu ambazo leo ni Tanzania, akafuata biashara ya shaba katika karne ya 19, akaanzisha ufalme wenye makao yake Bunkeya. Bidhaa zake, yaani shaba, pembe za ndovu na, kwa huzuni, watumwa, zilikwenda pwani zote mbili za bara hili. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na Kapteni Bodson, mmoja wa maofisa wa msafara uliotumwa kwa faida ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, naye Bodson akauawa papo hapo. Jina la Mwenda ni jina la heshima katika ukoo wa mfalme huyo.

Katika Kiswahili chetu neno hilo lina bahati nyingine. Mwenda ni mtu aendaye, msafiri. Mabaharia wa pwani wana methali isemayo kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maana yake ni kwamba mtu na aende nyuma ya chombo, na aende mbele ya chombo, mwisho atarudi mahali pake chini, ngamani. Maisha ya mpiga gitaa huyu yalifuata methali hiyo tangu mwanzo hadi mwisho.

Jina lake la ubatizo, Jean Bosco, ni la padre wa Italia wa karne ya 19 aliyeanzisha shirika la Wasalesiani, ambao walifika Katanga mwaka 1911 na kufungua shule. Hivyo kijana huyu alibeba katika jina moja ufalme wa Wayeke, kanisa la wageni na safari ndefu ya Wanyamwezi. Mji aliotokea kujulikana ni Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, mji wa migodi na viwanda. Si mbali na hapo upo mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa sehemu kubwa ya madini ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika mabomu ya atomiki ya mwaka 1945. Dunia ilikuwa imekwisha fika Jadotville kuchukua mali yake kabla haijafika kusikiliza wimbo wake.

Vidole Viwili

Gitaa si chombo cha asili ya Katanga. Ni chombo cha Hispania, ambacho kilivuka bahari pamoja na mabaharia na wafanyabiashara. Huko Ulaya kilipanda hadi kumbi kubwa za maonyesho, ambamo mabwana kama Andrés Segovia walikipiga peke yao mbele ya watu walionyamaza kimya. Huko Cuba kiliangukia mikononi mwa wajukuu wa watumwa, wengi wao wakiwa na asili ya Kongo, wakakitia mdundo wa mababu. Kuanzia miaka ya 1930 santuri za Cuba zililetwa kuuzwa Afrika, na watu wa Kongo wakashangaa kuona kwamba wanaijua ngoma hiyo ingawa hawajui maneno yake. Kitu kilichotoka nyumbani kwa minyororo kilikuwa kimerudi nyumbani kwa santuri.

Kijana Mwenda alikulia katikati ya sauti hizo zote. Alizisikia nyimbo za vikundi vya Cuba kama Trio Matamoros. Alizitazama filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, ambamo mtu hushuka katika farasi, akachukua gitaa na kuimba kando ya moto. Alizijua pia ngoma za asili za mashariki ya Kongo na za Zambia, ambazo zilikuwapo kabla ya gitaa lolote. Mtu mwingine angaliiga moja ya hizo na kuacha nyingine, lakini Mwenda hakuiga hata moja. Alizichukua zote, akazipitisha katika mkono wake wa kulia, zikatoka zikiwa kitu cha Katanga.

Na mkono huo ulitumia vidole viwili tu. Kidole gumba kilipiga nyuzi nene, kikishika mwendo wa chini kama mguu wa askari katika matembezi marefu. Kidole cha shahada kilidonoa nyuzi nyembamba, kikisuka wimbo juu ya mwendo huo. Kila kimoja kilishika njia yake bila kumgonga mwenzake, hata msikilizaji asiyemwona aliapa kwamba wapigaji ni wawili. Kisha alikuwa na tabia ya kutorudia jambo kwa namna ileile. Fundo moja fupi la wimbo alilizungusha mara nyingi, na katika kila mzunguko aliligeuza kidogo: hapa aliongeza sauti moja, pale aliacha pengo, kule alichelewesha pigo.

Kurutu yeyote aliyefundishwa kufungua na kufunga bunduki gizani ataelewa jambo hili kuliko watu wengine. Mkono haupati uhuru mpaka kwanza umekubali kufungwa na mazoezi. Mchezo ule wa Mwenda uliokuwa ukionekana mwepesi ulitokana na marudio mengi ambayo hakuna aliyekuja kuyashangilia.

Mashine ya Kunasa Sauti

Mwaka 1952 alifika Jadotville Mwingereza mmoja aliyeitwa Hugh Tracey, mtu wa makamo, akiwa na mashine ya kunasa sauti. Alikuwa akizunguka Afrika kukusanya muziki wa watu wa kawaida na wa majumba ya wafalme. Uganda nayo aliizuru mwaka 1950 na mwaka huohuo wa 1952, na kazi aliyoifanya hapa ni sehemu ya ushahidi mkubwa tulio nao wa muziki wa majumba ya kifalme ya zama zile. Huko Jadotville alimkuta kijana wa miaka 22 hivi mwenye gitaa, akamrekodi.

Wimbo mmoja kati ya zilizonaswa wakati huo ni Masanga. Ni wimbo mfupi, unaotosha upande mmoja wa santuri ya zamani, lakini ndani yake mna kazi ambayo wapigaji wa gitaa wanaendelea kuichambua. Santuri hiyo ilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ikaenea huku na huko. Pamoja na Bombalaka na nyinginezo, iliwafikia watu ambao hawakujua Jadotville iko upande gani wa dunia.

Miaka michache baadaye msomi David Rycroft wa London aliketi na santuri hizo, akaandika kwa alama za muziki kila mguso wa vidole vile. Uchunguzi wake ulichapwa katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Yafaa tulitafakari jambo hilo. Katika Kongo ya Wabelgiji, Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mtu wa elimu mpaka apewe hati na serikali ya kikoloni. Hata hivyo, wasomi wa Ulaya walilazimika kutumia kalamu, saa na subira nyingi ili waelewe kile ambacho kijana wa mji wa mgodi alikifanya kwa vidole viwili.

Nairobi na Vita vya Nyumbani

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alisafiri hadi Nairobi, akakaa huko kwa muda. Edouard Masengo, ndugu yake na mpiga gitaa mwenzake, naye alifika huko akapata jina kubwa. Mwenda alikuwa na kipindi chake cha redio, na kupitia redio vijana wa Kenya walimsikia wiki baada ya wiki.

Kenya yenyewe haikuwa uwanja mtupu. Fundi Konde, mwana wa pwani aliyezaliwa mwaka 1924, alikuwa amekwisha kuimba na kupiga gitaa katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili, na baada ya vita akawa miongoni mwa waanzilishi wa muziki wa gitaa nchini humo. Wasomaji wetu na wakumbuke hilo: baadhi ya nyimbo za kwanza za gitaa zilizopendwa Afrika Mashariki zilitungwa na mtu aliyevaa sare. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi alivuma kwa mtindo wa vidole uitwao omutibo. Katika uwanja huo wenye wenyewe, Mwenda aliingia kama mgeni mwenye adabu, na kizazi kizima cha wapigaji kikajifunza kwake. Alikuwa amekuja na gitaa na Kiswahili tu, na vyote viwili vilipokelewa bila mkalimani.

Katika miaka hiyohiyo nchi yake iliwaka moto. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga, na waziri wake wa mambo ya ndani alikuwa Godefroid Munongo, wa ukoo uleule wa Msiri. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa katika ardhi ya Katanga. Mwezi Septemba mwaka huo mji wa Jadotville ulijulikana duniani kwa jambo lisilo la muziki. Kombania moja ya Waireland wapatao 155, waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa, ilizingirwa huko na jeshi la Katanga kwa siku tano, ikapigana mpaka maji na risasi zikawaishia, ikasalimu amri bila kupoteza hata mtu mmoja kwa kifo. Maofisa wengi husomeshwa habari za mapigano hayo vyuoni. Ni wachache wanaoambiwa kwamba mji huohuo, miaka tisa kabla, ndimo ulimonaswa wimbo wa Masanga.

Kujitenga kwa Katanga kulikomeshwa Januari 1963. Katika mambo yote yaliyopita juu ya mji ule, yaani bendera tatu, majeshi ya mataifa mengi, mamluki na wakimbizi, hakuna jeshi hata moja lililoweza kusema kwamba nyimbo za Mwenda ni za adui. Ziliimbwa pande zote.

Ng'ambo ya Bahari

Zama zile, katika nchi nyingi za Afrika, mwimbaji alilipwa fedha kidogo siku ya kurekodi, kisha santuri ikaendelea kuuzwa bila yeye. Mwenda hakuishi kwa gitaa peke yake. Alifanya kazi za mshahara, akajaribu biashara, akaongoza bendi. Wakati huo magitaa ya umeme ya Leopoldville, yaani Kinshasa, yalikuwa yameshika miji yote; vijana walitaka bendi ya watu kumi yenye vipaza sauti, si mtu mmoja mwenye gitaa kavu. Wengi wa rika lake walisahauliwa.

Hata hivyo njia yake haikuishia hapo. Mwezi Julai 1969, katika siku zilezile ambazo Wamarekani walikuwa wakienda kutua mwezini, Mwenda alisimama mbele ya watu katika tamasha la Newport, huko Marekani, ambalo lilikuwa miongoni mwa majukwaa makubwa kabisa ya muziki wa gitaa na nyimbo za watu. Kijana aliyejifunza kumtazama mchunga ng'ombe wa Marekani katika filamu alikuwa sasa amekwenda kwao, nao ndio waliokaa kumtazama yeye. Hakuwarudishia nyimbo zao. Aliwapigia Katanga.

Kongo ilipogeuzwa jina kuwa Zaire mwaka 1971, na serikali ya Mobutu ikawataka raia mwaka 1972 kuacha majina ya kikristo na kushika ya asili, wengi walihangaika kutafuta jina. Mwenda hakuhangaika, kwani jina la asili alikuwa nalo tangu kuzaliwa, nalo ndilo lililo katika Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1977 na mwaka 1978 vita vilirudi tena katika jimbo lake, na mapigano ya Kolwezi yakatangazwa dunia nzima. Mwaka mmoja tu baada ya hapo, yaani 1979, mpiga gitaa wa Uingereza, John Low, alifunga safari hadi Shaba kwenda kujifunza kwa Mwenda na wenzake waliobakia. Baadaye aliandika kitabu juu ya safari hiyo, kilichochapwa Vienna mwaka 1982. Mwaka huohuo Mwenda alipiga gitaa Ujerumani, na msomi Gerhard Kubik akamrekodi huko. Mwaka 1988 alikuwa Cape Town, akarekodi nyimbo zilizotolewa Marekani baada ya kufa kwake. Mwaka 1990 Mmarekani Elijah Wald, naye mpiga gitaa, alikuwa Lubumbashi akijifunza kwake.

Tazama basi mgeuko wa mambo. Kwa miaka 80 wageni walikuwa wamefika Katanga kuchukua shaba. Hawa walifika kuchukua somo. Nao, tofauti na wale wa kwanza, waliondoka bila kupunguza kitu, kwani wimbo ukifundishwa haupungui nyumbani ulikotoka.

Marejeo ni Ngamani

Mwezi Septemba 1990 Mwenda Jean Bosco alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa nchi yake. Alikuwa na umri wa miaka 60 hivi. Mtu aliyepita salama katika zama za kujitenga kwa Katanga, vita vya Shaba, na bahari mbili, alichukuliwa na barabara. Polisi wa usalama barabarani anayesimama juani akikagua breki na matairi, akatukanwa na dereva mwenye haraka, hawezi kujua ni nani amekaa ndani ya gari lile, wala ni kitu gani ambacho taifa lingepoteza pamoja naye. Hilo peke yake latosha kumfanya asiione kazi yake kuwa ndogo.

Kifo chake hakikuvuma kama alivyostahili. Mwaka mmoja kabla, Kongo nzima ilikuwa imemlilia Franco, bwana wa gitaa la umeme, na machozi ya watu yana kiasi chake. Lakini Masanga haijafa. Wapo vijana wa Nairobi, wa Ulaya na wa Marekani wanaokaa hadi usiku wa manane wakitafuta namna kidole gumba kinavyoweza kwenda njia yake huku cha shahada kikienda nyingine.

Sasa turudi Mpondwe, tulikoanzia. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tangu Novemba 2021 askari wa Uganda wamevuka mpaka huo, kwa makubaliano na serikali ya Kongo, kwenda kupambana na waasi waliowaua raia wa pande zote mbili. Na watu wa Mpondwe, waliowazika watoto wao wa shule mwezi Juni 2023, hawahitaji kufundishwa ubaya wa waasi hao. Kazi hiyo ni ya bunduki, na bunduki ina mahali pake. Lakini baada ya bunduki kunyamaza, askari husimama mbele ya mtu wa kijijini, Mnande au mwingine, na kitu cha kwanza kinachotoka kati yao ni neno la Kiswahili.

Neno hilo laweza kuwa la namna mbili. Laweza kuwa lile la kizuizini la zama za hofu, ambalo humfanya raia ajibu asichokijua ili tu aachwe aende. Au laweza kuwa la mtu anayefahamu kwamba lugha anayoitumia ilikuwa lugha ya nyimbo katika nchi ile kabla yeye hajazaliwa, na kwamba raia aliye mbele yake yaelekea baba yake aliwahi kucheza nyimbo hizo siku ya arusi. Askari wa namna ya pili hupata habari za adui mapema kuliko wa kwanza, kwa sababu raia humwambia mambo hata kabla hajaulizwa. Huo si upole wa bure. Ni akili ya vita, na makamanda wazoefu waijua.

Mwenda hakuwa askari wala hakuhubiri siasa. Alifanya kazi moja, akaifanya vizuri. Alisikiliza kila sauti iliyopita mjini kwao, ya mgeni na ya mwenyeji, kabla ya kutoa yake. Aliizoeza mikono yake mpaka vidole viwili vikatosha kazi ya watu wawili. Alikwenda tezi, akaenda omo, na popote alipofika alibaki Myeke wa Katanga, mwenye Kiswahili cha Katanga, asiyeona haya kwa asili yake wala asiyedharau ya mwenzake.

Mwanajeshi anayelinda zamu ya usiku kando ya mto Mubuku, huku Rwenzori ikiwa imejifunika ukungu, ana saa nyingi za kusikiliza. Akimaliza zamu yake, na akapata redio au simu yenye wimbo wa Masanga, na ausikilize mara mbili. Mara ya kwanza afuate kidole cha shahada, kinachoimba. Mara ya pili afuate kidole gumba, ambacho hakitafuti sifa, hakipotezi mwendo, na ndicho kinachoubeba wimbo wote hadi mwisho.